Saini nyingi pekee hazizuii kituo cha wasio na makazi

Ujumbe huu huzunguka sana kwenye magrupu ya wenzetu walioko Uingereza: wakazi wakikusanya saini za kutosha, halmashauri lazima ikatae kituo cha kusaidia wasio na makazi. Si kweli, tafadhali tusiusambaze, maana wanaoumia ni watu wanaolala nje.

Huko England, sheria ya mipango miji ya mwaka 2004 inataka uamuzi kuhusu ombi la kibali cha ujenzi au matumizi ya jengo ufuate mpango wa maendeleo wa eneo (hati inayoeleza nini kijengwe na wapi), isipokuwa hoja nyingine za mipango miji, kama kelele au msongamano wa magari, zielekeze vinginevyo. Hofu ya bei ya nyumba kushuka kwa kawaida haihesabiwi.

Mkanganyiko unaeleweka: maombi ya kibali yenye wapingaji wengi wakati mwingine hukataliwa. Lakini fungua rejista ya maombi kwenye tovuti ya halmashauri, bila malipo, usome barua ya uamuzi. Sababu zimeandikwa humo.