ORDER BY ndani ya UNION: yanayoaminika na yaliyo kweli

Anayeunganisha hoja mbili (maombi ya data, kila moja ikianza na SELECT) za SQL, lugha ya hifadhidata, kwa UNION, kisha akajaribu kuyapanga matokeo kwa ORDER BY, hukutana na mambo mawili: hifadhidata inakataa, au inakubali na kuleta majina shaghalabaghala. Hili la pili ndilo linaloumiza, maana hakuna ujumbe wa kosa wa kukuonyesha pa kuanzia.

Dhana: kila SELECT hujipangia matokeo yake.
Sivyo. UNION huzaa jedwali moja, na ORDER BY huandikwa mwisho kabisa ili ilipange lote. Ukiiweka kabla ya UNION, MySQL (programu ya hifadhidata) inakupa kosa namba 1221. Wengi hapo hukimbilia kuifunga kila SELECT kwa mabano. Kosa linaondoka, mpangilio hauji. Ndani ya mabano, MySQL huitupa ORDER BY isiyo na LIMIT (kikomo cha idadi ya mistari). Ikiwa na LIMIT, kazi yake ni kuchagua mistari ipi iingie. Zamu ya kutokea haihusiki. Ukitaka wateja watangulie, wasambazaji wafuate, kila kundi kialfabeti, waongezee safuwima ya kundi:

```
SELECT jina, 1 AS kundi FROM wateja
UNION ALL
SELECT jina, 2 FROM wasambazaji
ORDER BY kundi, jina;
```

Mimi naipenda njia hii kuliko zote: atakayeisoma hoja mwakani ataona ulikusudia nini.

Dhana: UNION hupanga yenyewe.
Imani hii ina asili yake. UNION (tofauti na UNION ALL) huondoa mistari inayojirudia, na njia mojawapo ya kuigundua ni kuipanga kwanza. Lakini PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, inaweza kutumia heshi (namba inayokokotolewa kutoka kwenye kila mstari) badala yake, hasa data ikibadilika, na mpangilio uliouzoea ukapotea bila wewe kugusa herufi hata moja.

Dhana: naweza kupanga kwa `wateja.jina`.
Jedwali la matokeo halijui tena nani alitoka wapi. Tumia `jina` tupu, kama lilivyo kwenye SELECT ya kwanza. Na ukipanga kwa LOWER(jina), yaani jina kwa herufi ndogo, PostgreSQL itakataa hadi uifunge UNION nzima ndani ya FROM.

Dhana: 10 ikitangulia 9, ORDER BY ni mbovu.
Hayo ni maandishi, na "1" hutangulia "9". MySQL ikikuta namba upande huu na maandishi upande ule, hugeuza zote kuwa maandishi, kimya kimya. Weka CAST (ya kugeuza maandishi kuwa namba) kwenye SELECT yenye maandishi, kabla hazijaungana.