Chaneli ya michezo ya vyuo hukuwekewa bure

“Fundi, hii ya michezo ya vyuo wametuwekea bure.” Kauli hii naisikia karibu kila nyumba ninayoingia kufunga intaneti na televisheni hapa Lexington, Kentucky, mji uliopokea Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili. Mwenye nyumba ananionyesha SEC Network, chaneli ya SEC, ambayo ni konferensi, yaani muungano wa vyuo vinavyoshindana michezoni; amefurahi, halafu baada ya dakika tano ananiuliza mbona bili ni kubwa hivi. Hayo yote mawili jibu lake ni moja, na nimechoka kulieleza mlangoni huku nimebeba ngazi begani.

Hakuna aliyekuwekea bure. Kampuni ya kebo inamlipa mwenye chaneli kiasi fulani kwa kila mteja, kila mwezi, mteja atazame asitazame. Hela hiyo inatoka mfukoni mwako. Chukua bili yako uisome mstari kwa mstari. Utakuta ada ya chaneli za kitaifa, yaani ABC, CBS, FOX na NBC. Pengine utakuta ada ya michezo ya kanda, na hapo wengi wananiambia “si hii hapa ya vyuo!” Siyo. Hiyo kwa kawaida ni ya chaneli zinazoonyesha timu za kulipwa za eneo, kama za besiboli. Ya vyuo haina mstari wake. Imezama ndani ya bei ya kifurushi chenyewe, na ndiyo maana haionekani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba bei hiyo haipangwi kwa mapenzi yako ya michezo. Inapangwa kwa anwani yako. Aliyeanzisha mchezo huu kwa nguvu ni Big Ten Network, chaneli ya konferensi nyingine iitwayo Big Ten, iliyoanza kurusha matangazo tarehe 30 Agosti 2007. Ndani ya majimbo 8 yenye vyuo vyake iliripotiwa kutaka takribani dola 1.10 kwa kila mteja kwa mwezi. Nje ya majimbo hayo, karibu senti 10. Chaneli ile ile, mechi zile zile. Na ilitaka iwekwe kwenye kifurushi ambacho karibu kila mteja anacho. Comcast, kampuni kubwa ya kebo, ikakataa, ikasema iwekwe kwenye kifurushi cha michezo ili anayeitaka ailipie mwenyewe.

Kwa nini mwenye chaneli aligoma? Piga hesabu. Nyumba milioni moja kwa dola moja moja kila mwezi ni dola milioni 12 kwa mwaka. Ukiiweka kwenye kifurushi cha pembeni, ikachukuliwa na nyumba moja katika kila kumi, itabidi kila mmoja wao alipe dola 10 kwa mwezi ili mapato yabaki pale pale. Wangapi wangelipa? Yule mama anayetazama habari na ibada tu ndiye anayewashushia bei wapenzi wa michezo, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

Wakiwa bado wanavutana, tarehe 1 Septemba 2007 timu ya Chuo Kikuu cha Michigan, cha Big Ten, ikafungwa nyumbani kwao Ann Arbor na chuo cha Appalachian State, 34 kwa 32, mojawapo ya vipigo vya kushangaza kuliko vyote katika futiboli ya vyuo vya Marekani (ile ya mpira wa kubeba mikononi, siyo soka). Mechi ilirushwa na Big Ten Network, na wateja wengi wa kebo katika jimbo lile lile la Michigan hawakuweza kuiona. Comcast ilisaini mkataba mwaka uliofuata, mwezi Juni.

Mwaka 2014 konferensi ya Big Ten ikavipokea vyuo vya Rutgers na Maryland. Rutgers haikuwa na makombe ya kutisha kwenye futiboli, lakini iko New Jersey, mlangoni pa New York. Maryland iko kati ya Baltimore na Washington. Mamilioni ya nyumba zikahamia upande wa bei ya juu bila mtu kubadili chaneli. Agosti ya mwaka huo huo SEC Network, inayoendeshwa na ESPN, kampuni ya chaneli za michezo, ikaanza, ikaripotiwa kutoza karibu dola 1.30 ndani ya majimbo 11, Kentucky likiwemo. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukihamia Lexington umeingia kwenye orodha ya walipaji siku ile ile unapochukua kifurushi kinachoibeba, hata kama hujui mpira wao unachezwaje.

Wateja wananiambia na mengine. “Chaneli ikimilikiwa na vyuo vyenyewe itakuwa nafuu na itapatikana kila mahali.” Pac-12, konferensi ya vyuo vya magharibi, ilijaribu. Ilianzisha chaneli zake Agosti 2012, moja ya kitaifa na sita za kanda, mali yake kwa asilimia 100. Haikuwahi kuafikiana na DirecTV, kampuni ya televisheni ya setilaiti. Zilifungwa mwishoni mwa Juni 2024, wakati vyuo 10 kati ya 12 vikiondoka kwenye konferensi hiyo. Kujimiliki bila mshirika mwenye nguvu mezani hakukuwasaidia.

“King'amuzi kimeharibika, ESPN imepotea.” Tafadhali, kabla ya kuniita, soma ujumbe ulio kwenye skrini. Disney, mwenye ESPN na ABC, na Charter, kampuni ya kebo, walipogombana juu ya mkataba, chaneli za Disney zilikatwa jioni ya tarehe 31 Agosti 2023, mechi ya Florida na Utah ikiendelea; zikarudi baada ya siku 11. Mwaka 2025 Disney na YouTube TV, huduma ya kulipia chaneli kupitia intaneti, walifanya vivyo hivyo kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba. Angalieni miezi hiyo. Ni msimu wa futiboli ya vyuo, wakati mteja ana hasira zaidi, na pande zote mbili zinalijua hilo. Kuzima na kuwasha king'amuzi hakuleti mkataba, na fundi anayekutoza hela ya kukirekebisha siku kama hiyo anakuibia.

“Serikali si inapanga bei?” Hapana. Udhibiti wa bei za vifurushi vya juu vya kebo ulikoma mwaka 1999. Tangu 2024 kuna kanuni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, inayotaka kampuni ionyeshe bei kamili ya video, ada zikiwa ndani yake, badala ya kuzificha mbali. Ukitangaziwa kifurushi, dai namba hiyo.

“Nikinunua chaneli ya konferensi nitaona mechi zote za chuo changu.” Hili linawagharimu watu hela nyingi bure. Mechi kubwa haziwekwi huko. Tangu 2024 mechi kubwa za SEC ziko ABC na ESPN. Za Big Ten ziko FOX, CBS na NBC. Chaneli ya konferensi inabaki na zilizosalia, na zile za mtandaoni kama SEC Network+ zinabeba michezo midogo. Kama binti yako anacheza soka chuoni, huko mtandaoni ndiko utakakomwona mara nyingi, na utahitaji akaunti ya huduma inayobeba SEC Network.

Ushauri wangu sitauacha hata mkiuchoka: nunua antena kwanza. ABC, CBS, FOX na NBC ziko hewani bila bili yoyote, ukiwa mahali mawimbi yanapofika. Ifunge dirishani upande wa minara, fanya utafutaji wa chaneli, kisha hesabu ni mechi gani bado huzipati. Hizo ndizo za kulipia.

“Nikikata kebo nimeepuka.” YouTube TV ilianza mwaka 2017 kwa dola 35 kwa mwezi; mwaka 2025 ilifika dola 82.99, kwa sababu nayo inawalipa wenye chaneli kwa kila mteja. Kilichobadilika kweli ni cha Agosti 2025: ESPN yenyewe, pamoja na SEC Network na ACC Network (chaneli ya konferensi nyingine, ACC), ilianza kuuzwa mtandaoni kwa dola 29.99, na Fox One, huduma ya mtandaoni ya FOX yenye Big Ten Network, kwa dola 19.99, bila kebo. Hizo unalipa mwezi kwa mwezi. Lipia kuanzia mwisho wa Agosti, sitisha Desemba mapema, rudi Januari kama unafuata mpira wa kikapu. Tarehe ya kusitisha iandike kwenye simu siku ile ile unapojiunga.