Ukifika Dresden, tafuta kwanza mawe meusi

Shangazi yangu alipokuja kunitembelea, tulitokea uwanja wa Neumarkt asubuhi na mapema, kanisa la Frauenkirche limesimama mbele yetu zima zima, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Baba, hili kanisa limeungua?" Nikamuuliza kwa nini shangazi. Akaninyooshea kidole, "Si hayo madoa hayo. Huku jeupe, huku jeusi kama ukuta wa jiko la kuni."

Nilifurahi mpaka nikamkumbatia. Wageni wengi wanafika pale, wanapiga picha, wanakula aiskrimu, wanaondoka, na hilo swali hawaliulizi, wakati hilo ndo swali lenyewe la Dresden. Ukishajua kwa nini jiwe hili ni jeusi na lile pembeni yake ni jeupe, mji wote unausoma kama barua.

Mimi kazi yangu ni mawe. Nilianzia Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye matumbawe na chokaa, sasa huu ni mwaka wa 9 niko huku Saksonia, jimbo la Ujerumani lenye mji wa Dresden, nakarabati majengo ya zamani, kwa hiyo nikizungumzia Dresden nazungumza kifundi, sio kama wale wa kupanga safari. Watu wananiandikia kila mwaka, kaka tunapita Ujerumani siku mbili tatu, Dresden kuna nini? Basi leo naandika yote niwe natuma linki tu.

Tuanze na jiwe. Dresden ya zamani karibu yote imejengwa kwa jiwe la mchanga la bonde la mto Elbe, machimbo yako upande wa juu wa mto, huko karibu na mji mdogo wa Pirna, na zamani walikuwa wanalipakia kwenye mashua linateremka na maji mpaka mjini. Ni jiwe hilohilo lililojenga Lango la Brandenburg kule Berlin. Mafundi wanalijua kwa aina mbili kubwa: la Posta ambalo ni gumu, linabeba uzito, hilo unajengea kuta na nguzo, na la Cotta ambalo ni laini, patasi inaingia vizuri, hilo unachongea sanamu, ila mvua na baridi vinalila haraka. Likitoka machimboni lina rangi ya mchanga wa ufukweni uliolowa kidogo, manjano hafifu, ukilisugua kwa kidole linaacha chembe. Halafu miaka inapita, linakuwa kijivu, linakuwa kahawia, mwisho jeusi tii.

Wengi wanadhani ule weusi ni moto wa vita. Hapana. Hata kabla ya vita Frauenkirche lilikuwa limeshakuwa jeusi. Jiwe lenyewe lina madini ya chuma ndani yake, halafu vumbi na masizi ya makaa ya mawe ya miaka na miaka yanakaa juu yake, na hali ya hewa inafanya kazi yake polepole. Kwa hiyo weusi ni umri. Jiwe jeusi ni mzee, jiwe jeupe ni kijana. Nilimwambia shangazi hivyo akaitikia, "Kumbe mvi zao zinaenda kinyume na zetu."

Sasa kanisa lenyewe. Lilijengwa kuanzia 1726 mpaka 1743, msanifu wake George Bähr, ambaye kwa asili alikuwa fundi seremala, na alikufa 1738 kabla halijaisha. Kuba lake ni la mawe matupu, tani kama 12,000, halina mbao na bati kama makuba mengine mengi, ndo maana watu wa huku wanaliita kengele ya jiwe. Uzito wote ule unashuka kwenye nguzo 8 za ndani. Ujasiri wa yule mtu mimi mpaka leo unanishangaza, manake kompyuta hakuna, hesabu za nguvu kama tulizonazo sisi hakuna, ana uzoefu wake na mkono wake tu.

Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 ndege za Uingereza zikaupiga mji, kesho yake zikaja za Marekani. Watu hadi 25,000 walikufa, hiyo ndo hesabu waliyofikia wanahistoria waliopewa kazi na mji wenyewe, zile namba za laki na laki mbili zilizokuwa zinatajwa zamani zilikuwa za propaganda. Kanisa halikuanguka usiku ule. Lilisimama. Asubuhi watu waliangalia wakaona kuba bado lipo, lakini moto ulikuwa ndani unaendelea kula viti na mbao zote, zile nguzo zikapata joto mpaka jiwe likaanza kupasuka, na tarehe 15 saa nne asubuhi nguzo zikashindwa na kengele ya jiwe ikashuka chini. Ikabaki rundo la kifusi na vipande viwili vya ukuta vimesimama, na rundo lile lilikaa hapohapo katikati ya mji zaidi ya miaka 40, serikali ya Ujerumani Mashariki ikaliacha kama kumbukumbu ya vita.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka na Ujerumani kuungana ndo ikaanza kazi ambayo kwa sisi watu wa mawe ni kama hadithi. 1993 wakaanza kutoa kifusi, jiwe moja moja, kila jiwe likapewa namba, likapimwa, likapigwa picha, wakaandika limeokotwa wapi ndani ya rundo, manake mahali lilipoangukia panakwambia lilitokea wapi juu. Wakapanga mawe yote kwenye marafu nje kama duka la spea. Halafu kwa kompyuta na picha za zamani wakatafuta kila jiwe lilikuwa sehemu gani, na zaidi ya mawe 3,500 ya nje yakarudishwa kwenye kuta, mengi palepale yalipokuwa. Kilichokosekana kikachongwa kipya. Kanisa likafunguliwa tarehe 30 Oktoba 2005, gharama kama euro milioni 180, na zaidi ya milioni 100 zilikuwa michango ya watu wa kawaida dunia nzima. Msalaba wa dhahabu wa juu ulitengenezwa London, na mmoja wa mafundi wake, Alan Smith, baba yake alikuwa rubani kwenye ndege zilizoipiga Dresden. Ule msalaba wa zamani ulikutwa ndani ya kifusi, umepinda, sasa uko ndani ya kanisa, utauona.

Kwa hiyo yale madoa ya shangazi ndo hayo. Yale meusi yaliyotawanyika moja moja kwenye ukuta mweupe ni mawe yaliyotoka kwenye kifusi. Na zile sehemu kubwa nyeusi kwa pamoja ni zile kuta mbili ambazo hazikuanguka kabisa. Usiishie kuangalia kwa mbali. Sogea mpaka ukutani, tafuta mahali jiwe jeusi limekaa bega kwa bega na jiwe jipya, uangalie kiungo. Jiwe jipya kona zake ni kali kama za sabuni iliyotoka kwenye karatasi, la zamani kona zimeliwa, limechubuka, na fundi aliyelirudisha ilibidi ahangaike nalo, hakulichonga upya ili lifanane na wenzake, aliacha majeraha yake na akafanya kiungo ndo kilifuate jiwe. Mimi nikifika hapo naweka mkono, nafanya hivyo kila nikipita. Shangazi naye akaweka. Tukakaa kimya kidogo.

Ndani ni rangi nyepesi, dhahabu, mwanga mwingi, watu wengi, sitasema sana. Ila panda juu ya kuba, usiogope. Lifti inakufikisha nusu, halafu kuna njia ya mteremko inayozunguka katikati ya ganda la ndani na la nje la kuba, haina ngazi, unatembea tu unazunguka na kuinuka, wanaiita njia ya punda kwa sababu inasemekana punda ndo walikuwa wanabeba mawe na vifaa kupanda nayo. Ukitoka nje uko mita 67 juu na mto Elbe wote unauona. Mwenye magoti mabovu ajue mwisho kuna ngazi za wima kidogo.

Zwinger ni dakika chache kwa miguu na hapo utakaa masaa. Augustus, yule wanayemwita Mwenye Nguvu, mtawala wa Saksonia, alitaka mahali pa kuhifadhi michungwa yake wakati wa baridi (michungwa huku ilikuwa kitu cha wafalme), msanifu Pöppelmann na mchongaji Permoser wakamjengea kitu ambacho sio nyumba kabisa, ni uwanja wa sherehe uliozungushiwa mabanda ya mawe yanayocheza. Nenda mpaka lile banda la upande wa boma, Wallpavillon, usimame chini uangalie nguzo zake. Zimechongwa watu wa kufikirika, nusu binadamu, wanabeba jengo kwa mabega, na kila mmoja ana sura yake: huyu anacheka, huyu amekunja uso kwa uzito, yule kama anamnong'oneza mwenzake. Juu kabisa yuko Herakule, shujaa wa hadithi za Wagiriki, amebeba dunia. Hilo kwangu ndo somo zima la baroko, mtindo wa ujenzi wa enzi hizo. Jengo la kawaida linaficha uzito wake, la baroko linakuonyesha uzito halafu linaufanya mchezo. Na hilo jiwe ni la kuchongea, lile laini, kwa hiyo mafundi hawaondoki pale kamwe, kila mwaka kuna kona ina jukwaa, ukikuta turubai usinung'unike, bila hao watu sura zile zingekuwa zimeshafutika.

Jambo moja la kuelewa kuhusu makanisa. Augustus alikuwa Mlutheri, mji wote wa Kilutheri, lakini 1697 akataka ufalme wa Poland, na mfalme wa Poland lazima awe Mkatoliki, akabadili dini. Wananchi hawakumfuata. Frauenkirche ni kanisa la wananchi Walutheri, kubwa makusudi, halafu mwanawe akajenga pembeni ya mto kanisa la Kikatoliki, Hofkirche, akamleta msanifu Mwitalia, Chiaveri, ambaye alijenga na mafundi wenzake wa Kiitalia. Ukisimama kati ya makanisa hayo mawili unayaona yanaangaliana. Mwili wa Augustus umezikwa Kraków, moyo wake uko kwenye chombo humo chini ya Hofkirche.

Kati ya makanisa hayo pita barabara ya ule ukuta mrefu wa vigae vya kauri ya Meissen, mita 102, watawala 35 wa Saksonia wamepanda farasi, wamefuatana kwa miaka karibu 800. Vigae hivyo vilibandikwa kati ya 1904 na 1907 na moto wa 1945 haukuviweza, manake kauri inachomwa tanurini kwa joto kubwa kuliko la moto ule. Tafuta farasi wa Augustus, kwato lake linakanyaga waridi, na watu wa hapa wanakwambia waridi ni alama ya Luther.

Kwenye kasri, makumbusho ya Grünes Gewölbe, kuna kitu naomba msomaji wa kwetu asikipite. Kasanamu ka Permoser huyohuyo, ka mwaka 1724 hivi, mtu mweusi amebeba sinia lenye mwamba wa zumaridi kutoka Kolombia. Amevishwa taji la manyoya na vito kama Mhindi Mwekundu, sura ya Mwafrika, manake kwa hao mabwana watu wa mbali wote walikuwa mmoja. Kazi ya mkono ni ya hali ya juu sana na inauma. Nilisimama hapo mara ya kwanza dakika ishirini. Ukitoka uende ng'ambo ya mto, Neustadt, karibu na Albertplatz kuna uwanja wa Jorge Gomondai, kijana wa Msumbiji aliyekuja kufanya kazi Ujerumani Mashariki, alishambuliwa na vijana wa kibaguzi ndani ya tramu mwaka 1991 akafariki. Kuna jiwe la ukumbusho. Ni mwendo mfupi, na mimi kila mgeni wangu nampeleka.

Watu wa Mji Mkongwe wenzangu, hili nawaandikia ninyi. Bonde la Elbe la Dresden liliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2004, wakaamua kujenga daraja la magari la Waldschlößchen katikati ya mandhari, wakapiga kura, wakaonywa, wakaendelea, na 2009 wakafutwa kwenye orodha. Daraja lipo, nimepita juu yake, linapunguza foleni kweli. Lakini mandhari niliyoisoma kwenye vitabu haipo tena. Sisi tumeshaona Beit al-Ajaib ikianguka upande mmoja Desemba 2020, tunajua kitu kama hicho kinaumaje.

Kufika ni rahisi, treni kutoka Berlin kama masaa mawili, kutoka Prague masaa mawili na nusu hivi. Viatu vya raba, mji wa katikati unautembea kwa miguu. Kama una siku moja tu, gawa hivi: asubuhi Neumarkt kabla ya makundi, mchana Zwinger na pale ndani jumba la picha.

Humo kwenye jumba la picha kila mtu anakimbilia Madonna, picha ya Bikira Maria ya mchoraji Raphael, na wale malaika wawili wa chini walioegemea mikono, na ni haki yao. Ukimaliza tafuta picha ya Bellotto ya 1748, Dresden kutoka ng'ambo ya mto. Sogea karibu. Kwenye Hofkirche mnara bado haujaisha, umezungushiwa jukwaa la mbao la mafundi. Na kushoto kuba la Frauenkirche, siku hiyo lina miaka 5 tu. Nilimsogeza shangazi hapo nikamwambia shangazi, angalia, hapa mawe yote ni vijana. Akavaa miwani yake, akaangalia muda mrefu, halafu akaanza kuwahesabu mafundi juu ya jukwaa.