Wati za Amplifaya: Namba ya Kwenye Boksi Ina Uzito Gani?

Sabufa nyingi madukani zimeandikwa "PMPO" (eti kilele cha nguvu ya muziki) mbele ya boksi, kisha namba ya maelfu ya wati. Igeuze usome kibandiko cha nyuma, panapotajwa umeme inaovuta. Hapo huenda ukakuta wati 60, na hakuna mashine inayotoa nguvu kuliko inazoingiza. PMPO haina kanuni moja ya upimaji. Kila kiwanda hujipigia hesabu yake, na hesabu hiyo ni tangazo tu. Namba ya kuangalia ni RMS: nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo. Nayo uulize imepimwa kwa omu ngapi (kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), maana wati 100 za omu 4 hupungua sana ukifunga spika ya omu 8.

Tuseme RMS ni ya kweli. Je, amplifaya ya wati 100 ina sauti mara mbili ya ile ya 50? Hapana. Kuongeza nguvu maradufu hupandisha sauti kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3, tofauti ndogo ambayo wengi wataigundua kwa kutega sikio. Ili uhisi sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi: kutoka wati 50 hadi 500.

Kinachosahaulika ni spika yenyewe. Kwenye karatasi yake tafuta desibeli inazotoa kwa wati 1, umbali wa mita 1. Spika ya 90 ikipewa wati 50 italingana na ya 87 iliyopewa 100. Hizo desibeli 3 umezipata bila kununua amplifaya nyingine, ila wauzaji wachache sana watakutajia. Na hata hiyo ya 87, kwa wati 1 tu, inatosha kumfanya mgeni sebuleni apaze sauti ili asikike.

Wati za ziada kazi yake ni kwenye vishindo. Ngoma inapopigwa ghafla, muziki unaweza kudai nguvu mara kumi, hata mara mia, ya wastani wake kwa kitambo kidogo. Amplifaya ikiishiwa, hukata vichwa vya mawimbi na sauti hukwaruza. Mkwaruzo huo hubeba nguvu nyingi za sauti nyembamba, kwa hiyo amplifaya ndogo iliyofunguliwa hadi mwisho inaweza kuunguza twita (vispika vidogo vya sauti nyembamba) za spika iliyoandikwa wati nyingi kuliko yenyewe.