Fowili haifupishi breki

Madereva wengi Arusha wanaamini kwamba ukiingiza fowili (4WD), gari linasimama upesi zaidi kwenye utelezi. Si kweli. Fowili hupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne. Breki zilikuwa kwenye manne tangu mwanzo. Kinachokusimamisha ni tairi na ardhi iliyo chini yake, na tairi kipara ni kipara tu, hata kwenye Land Cruiser.

Hatari iko hapa: fowili inakutoa kwenye tope kirahisi, unajiamini, unaongeza mwendo. Ukiteremka kutoka ukingo wa Ngorongoro kuelekea geti la Lodoare, mvua imelowesha ule udongo mwekundu, imani hiyo inaua.

Mteremkoni kinachosaidia kweli ni fowili nzito (4L, ile ya mwendo wa chini), gia ya kwanza au ya pili, mguu nje ya klachi. Hapo injini yenyewe inayazuia magurudumu yote, wala hayajifungi kama yanavyojifunga ukikanyaga breki ghafla.

Ukifika lami kavu, toa fowili. Kwenye kona magurudumu ya mbele huzunguka njia ndefu kuliko ya nyuma. Yakiunganishwa kwa nguvu, usukani unakaza na gia zinaumia.