Kikosi cha silaha katika polisi wasiobeba bunduki ni nini?

Msafiri anayeshuka Heathrow akitokea Dar es Salaam au Nairobi huenda asione la ajabu. Karibu na milango ya kutokea wamesimama askari wawili wenye fulana za kuzuia risasi, bunduki zimening'inia vifuani. Polisi ni polisi, anajisemea. Kisha anaingia mjini. Anakaa wiki, anakaa mwezi, anapishana na askari sokoni, kwenye treni, nje ya uwanja wa mpira, na taratibu anagundua kuwa hakuna hata mmoja mwenye bastola kiunoni. Wana kirungu cha kukunjua, pingu, kikopo cha dawa ya kuwasha macho, redio, na baadhi yao bunduki ya umeme ya rangi ya njano. Wale wawili wa Heathrow ndio waliokuwa tofauti na wenzao.

Hao ndio tunaowazungumzia. Kikosi cha silaha, kwa maana ya hapa, ni kundi dogo la polisi waliofunzwa na kupewa kibali cha kubeba bunduki ndani ya chombo ambacho askari wake walio wengi hawabebi. Katika England na Wales kuna polisi zaidi ya 140,000, na wenye kibali hicho ni kama 6,000. Scotland nayo ina utaratibu wa aina hiyo. Ireland ya Kaskazini ni habari nyingine kabisa, kwani huko kila askari hubeba bastola kwa sababu za historia ya vita vyake.

Msomaji wa kwetu asikichanganye kikosi hiki na FFU ya Tanzania wala GSU ya Kenya. Kutuliza ghasia ni kazi moja, kumkabili mtu mwenye silaha ni kazi nyingine. Polisi wa Uingereza wanaotumwa kwenye fujo huenda na ngao, kofia ngumu na virungu, bila bunduki.

Kiswahili chenyewe hakitusaidii sana kuielewa dhana hii. Neno letu askari humbeba mwanajeshi na polisi kwa pamoja, na Tanzania hadi leo husema Jeshi la Polisi bila mtu kushtuka. Robert Peel, waziri aliyeanzisha polisi wa London mwaka 1829, alikuwa anaukimbia mchanganyiko huohuo. Watu wa mjini walikuwa bado wanakumbuka yaliyotokea Manchester mwaka 1819, wapanda farasi wenye panga walipovamia mkutano wa raia, na hawakutaka jeshi jingine mitaani. Basi polisi wapya wakavishwa buluu, kwa kuwa wanajeshi walivaa nyekundu. Wakapewa kofia ndefu za kiraia na kirungu cha mti. Bunduki hawakupewa.

Hapo pana jambo ambalo huwa linanikereketa. Serikali hiyohiyo iliyoona aibu kumpa bunduki polisi wa London haikuona aibu kumpa polisi wa koloni. Mfano uliofuatwa zaidi katika makoloni haukuwa wa London, ulikuwa wa Ireland, ambako polisi walikaa kambini, wakabeba bunduki na kupiga gwaride kama wanajeshi. Polisi wetu wakaanza hivyo. Mtu akikuambia kwamba polisi bila bunduki ni jambo la Wazungu, mkumbushe kwamba Waingereza walikuwa na namna mbili za polisi, na sisi tulichaguliwa ile ya pili.

Hata London mstari haukuwa mnyoofu. Kuanzia miaka ya 1880 askari wa pembezoni mwa jiji waliruhusiwa kubeba bastola zamu za usiku, na ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 1936. Kwa muda mrefu bunduki za polisi zilifungiwa kabatini kituoni. Ikitokea haja, mkubwa anafungua kabati, askari anachukua, na mafunzo yake yanaweza kuwa haba mno. Tarehe 12 Agosti 1966, wiki mbili tu baada ya England kutwaa Kombe la Dunia, polisi watatu waliuawa kwa risasi katika mtaa wa Braybrook, magharibi mwa London, walipolisimamisha gari kulikagua. Baada ya hapo ndipo Polisi ya London ilipounda kitengo maalumu cha silaha, ambacho mwanzoni kilikuwa zaidi cha wakufunzi. Kimebadilishwa jina mara nyingi tangu siku hizo, na leo kinaitwa MO19.

Gari ndilo lililokuja kubadilisha kila kitu. Tarehe 19 Agosti 1987, katika mji mdogo wa Hungerford, mtu mmoja alizunguka na bunduki mchana kweupe akaua watu 16 kabla ya kujiua. Mmoja wao alikuwa polisi aliyefika akiwa hana silaha. Kikosi cha silaha cha eneo hilo kilikuwepo, ila siku hiyo kilikuwa mazoezini, umbali wa maili 40. Watu hawakuuliza tena kama polisi wanazo bunduki. Waliuliza ziko wapi saa hii. Jibu lilikuwa kulitoa kabati kituoni na kuliweka barabarani, ndani ya gari la doria, na London ikaanza kutumia magari hayo mwaka 1991.

Gari hilo hujulikana kwa herufi ARV, kifupi cha Armed Response Vehicle. Kwa kawaida huwa na askari watatu, nao wamegawana kazi: mmoja anaendesha, mwingine anasoma njia, wa tatu anashika mawasiliano na kukusanya habari za huko wanakokwenda. Bunduki ndefu hukaa ndani ya kasha la chuma. Kuna ngao ya kuzuia risasi, gogo la chuma la kuvunjia mlango, na mfuko mkubwa wa vifaa vya kumhudumia majeruhi. Huo mfuko ni sehemu ya kazi hasa, kwa sababu askari hawa hufunzwa kuzuia damu kama wanavyofunzwa kulenga shabaha. Redioni magari ya London huitwa Trojan, na ukilitazama vizuri utaona duara dogo la njano limebandikwa kwenye mwili wake. Mpita njia anaona gari la polisi kama mengine. Polisi mwenzao akiliona duara anajua ndani mna nini.

Magari haya hayakai kituoni kungoja simu. Yanazunguka. Simu ikiingia kwamba fulani ana bastola, afisa mwenye madaraka hayo katika chumba cha mawasiliano hupima taarifa na kuidhinisha watumwe, ingawa wakikuta maisha ya mtu yako hatarini mbele ya macho yao hawasubiri. Kuidhinisha kutumwa si kuamuru kupiga. Kwa sheria ya Uingereza hakuna mkubwa anayeweza kumwambia askari piga, kisha lawama ikabaki kwa mkubwa. Anayevuta kifyatulio anajibu mwenyewe, chini ya sheria ya mwaka 1967 inayomruhusu mtu yeyote, polisi au raia, kutumia nguvu inayostahili kwa hali ilivyokuwa. Risasi ikishatoka, silaha yake huchukuliwa kama kidhibiti, na mtu akifa au kuumia vibaya, uchunguzi huenda kwa chombo kilicho nje ya polisi.

Vijiweni huulizwa, si wangempiga mguuni tu? Hawafunzwi hivyo. Mguu wa mtu anayekimbia ni shabaha nyembamba inayocheza, risasi ikiukosa inaendelea na safari yake kwa mwingine, na mtu aliyepigwa mguuni bado ana mikono. Hufunzwa kulenga kifua, na lengo linalotajwa ni kumsimamisha. Kwamba wengi wanaosimamishwa namna hiyo hufa, hilo halifichwi na mtu. Kwa hiyo hesabu inayofaa kutazamwa ni ya mara wasizopiga. Katika England na Wales hutumwa kwenye kazi za silaha takribani mara 18,000 kwa mwaka, na kwa miaka ya karibuni matukio ambayo risasi hufyatuliwa ni ya kuhesabika kwa vidole vya mikono, ukizidisha kidogo.

Mantiki ya mpango mzima imo katika tarakimu hizo. Bunduki zimekusanywa kwa wachache ili walio wengi wasizihitaji. Kikosi hiki kikiwa karibu, askari wa mtaa anaweza kuendelea kugonga mlango wa mtu akiwa na kirungu na maneno yake. Kikiwa mbali, kila askari ana haki ya kuuliza, na mimi je? Mwaka 2006 chama cha askari polisi kiliwauliza wanachama wake kama wanataka wote wabebe bunduki, na asilimia 82 wakasema hapana. Mashambulizi ya kigaidi yameutikisa msimamo huo tangu hapo, lakini haujaanguka.

Gharama yake hulipwa kwa dakika. Tarehe 22 Mei 2013 mwanajeshi mmoja kijana, Lee Rigby, aliuawa kwa kukatwakatwa barabarani Woolwich, kusini mashariki mwa London. Polisi wa kawaida walifika dakika 9 baada ya simu ya kwanza, wakabaki nyuma wakizuia watu, kwa kuwa hawakuwa na cha kufanya zaidi. Gari la silaha lilifika dakika ya 14. Wauaji wote wawili walilikimbilia, wakapigwa risasi, na walewale waliowapiga wakapiga magoti kuwafunga majeraha. Walipona, wakafikishwa mahakamani.

Miaka minne baadaye, usiku wa tarehe 3 Juni 2017, watu watatu wenye visu waliua watu 8 kwenye daraja la London Bridge na soko la Borough. Dakika 8 baada ya simu ya kwanza walikuwa wameshapigwa risasi na kufa. Askari 8 walifyatua risasi 46, na moja ilimpata mpita njia. Lakini kabla ya dakika hizo 8 kutimia, polisi wa reli aitwaye Wayne Marques alikuwa ameshawavamia wote watatu peke yake, mkononi ana kirungu tu. Alichomwa vibaya, akapona, akapewa nishani. Ukitaka kuuelewa utaratibu huu, zisome habari zote mbili za usiku ule, ya Marques na ya risasi 46. Ukichukua moja ukaiacha nyingine utatoka na hoja nzuri na picha ya uongo.

Na kosa likitokea, ni la kufisha. Tarehe 22 Julai 2005, wiki mbili baada ya mabomu yaliyoua watu 52 London, askari wa kikosi cha silaha walimuua Jean Charles de Menezes, fundi umeme kutoka Brazil, ndani ya treni kituo cha Stockwell, wakidhani ni mlipuaji. Hakuwa na chochote. Hakuna askari aliyeshtakiwa. Polisi ya London kama taasisi ilipatikana na hatia ya kuhatarisha usalama wa umma na kutozwa faini ya pauni 175,000, chini ya sheria ileile inayosimamia usalama viwandani na maofisini. Miaka sita baadaye Mark Duggan aliuawa Tottenham, na miji ya England ikawaka moto kwa siku kadhaa. Kwa Waafrika na Wakaribi wengi wa London, majina kama haya hukumbukwa kabla ya tarakimu yoyote ya serikali.

New Zealand, ambako nako polisi wa kawaida hatembei na bastola kiunoni, walijaribu kwenda hatua moja mbele. Kikosi chao cha silaha kilianzishwa mwaka 1964, baada ya polisi wanne kuuawa kwa risasi mwaka uliotangulia, na askari wake hufanya kazi za kawaida hadi waitwe. Baada ya mauaji ya misikiti ya Christchurch ya Machi 2019, yaliyochukua watu 51, wakaweka kwa majaribio timu za silaha zinazozunguka muda wote, katika maeneo matatu. Kumbe matukio ya bunduki hayakutosha kuzijaza zamu hizo. Timu zikajikuta zinasimamisha magari na kushughulikia mambo ambayo askari wa kirungu angeyamaliza. Jamii za Wamaori na watu wa visiwa vya Pasifiki wakapaza sauti, na Juni 2020 mkuu wa polisi akaufuta mpango.

Kuna kingine ambacho hakionekani hadi kikosekane: kazi hii ni ya hiari. Hakuna polisi wa Uingereza anayelazimishwa kubeba bunduki, na aliyebeba anaweza kuirudisha siku yoyote akabaki polisi. Septemba 2022 askari wa London alimpiga risasi Chris Kaba, kijana mweusi asiye na silaha, aliyekuwa akiendesha gari lililohusishwa na ufyatuaji wa risasi usiku uliotangulia. Mwaka mmoja baadaye askari huyo akashtakiwa kwa mauaji. Wenzake zaidi ya 100 wakarudisha vibali vyao. Ghafla jiji la watu karibu milioni 9 likawa na upungufu wa wabeba bunduki, hadi wizara ya ulinzi ikaombwa kuweka wanajeshi tayari kwa kazi za ugaidi. Siku chache hazikupita, wa kutosha wakarejea na wanajeshi hawakuhitajika tena. Oktoba 2024 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia, na serikali ikasema kuanzia hapo majina ya askari wa silaha wanaoshtakiwa yatafichwa hadi watakapotiwa hatiani.