Ukoo wa bakteria wa kifua kikuu: maswali ya wagonjwa na ndugu zao, Nyanda za Juu Kusini

Mgonjwa anapokabidhi kikopo cha makohozi, anangoja jibu moja: nina TB au sina. Wachache huelezwa kwamba bakteria akipatikana, maabara kubwa zinaweza kuendelea kumchunguza kujua ni wa ukoo gani na ana undugu na bakteria wa mgonjwa gani mwingine. Kazi hiyo ina faida kubwa kwa jamii, lakini isipoelezwa huzaa hofu. Majibu haya ni kwa ajili ya wagonjwa, ndugu zao, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoulizwa maswali haya majumbani.

Kwani bakteria wa kifua kikuu hawafanani?

Wote ni Mycobacterium tuberculosis, bakteria ambaye Robert Koch alimtangaza mwaka 1882. Lakini ndani yake kuna koo mbalimbali. Ni kama Kinyakyusa: watu wanaelewana vizuri, ila mwenye sikio zuri akimsikia mtu akizungumza, anajua huyu ni wa Kyela na yule ni wa Rungwe juu.

Tofauti za bakteria ziko kwenye vinasaba vyake, mfululizo wa herufi za kikemia zipatazo milioni 4.4, uliosomwa wote kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Bakteria anapojigawa hunakili herufi zote hizo, na mara chache sana moja hukosewa. Kosa hilo hurithiwa na vizazi vyake vyote. Kwa wastani hubadilika kama herufi moja tu kwa kila miaka 2, na utulivu huo ndio unaowezesha kufuatilia undugu.

Wanasomaje?

Mara nyingi bakteria huoteshwa kwanza maabara. Huchukua wiki 2 hadi 8, kwa kuwa huyu hujigawa polepole, mara moja kwa karibu saa 20. Mbinu za zamani huangalia sehemu chache tu za vinasaba. Siku hizi mfululizo mzima unaweza kusomwa. Sampuli za watu wawili zikitofautiana herufi 5 au pungufu, wataalamu hushuku maambukizi ya karibuni kati yao au kutoka chanzo kimoja. Zikipishana zaidi ya 12, uwezekano huo ni mdogo.

Si ndiyo hiyo GeneXpert ya hospitalini?

Hapana. GeneXpert hutafuta kama bakteria yupo na kama amekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, kwa kuangalia kipande kidogo cha jeni moja. Majibu hutoka ndani ya saa 2 hivi. Haisemi ukoo. Na matibabu yako hayasubiri ukoo ujulikane: ukikutwa na TB, unaanzishiwa dawa, tena bila malipo.

Nilimeza dawa miezi 6 nikapona. Sasa TB imerudi, na nyumbani wanasema nilikuwa naruka dozi. Kipimo hiki kinaweza kunisaidia?

Hapa ndipo naona thamani kubwa ya kazi hii. Mtu aliyepona akiugua tena, kuna njia mbili. Ya kwanza, bakteria wale wale hawakwisha wote mwilini wakaamka. Ya pili, ameambukizwa upya na mtu mwingine. Kwa dalili hazitofautiani: kikohozi ni kile kile, jasho la usiku lile lile, uzito unapungua vile vile. Lakini kama bakteria wa mara ya kwanza alihifadhiwa, akilinganishwa na wa sasa jibu linaweza kuonekana. Wakiwa wa koo mbili tofauti, haya ni maambukizi mapya, na lawama ya kuruka dozi haielezi ugonjwa huu wa sasa.

Hata wakifanana, si lazima uwe mzembe. Huenda dawa hazikufyonzwa vizuri, au bakteria walikuwa sugu tangu mwanzo. Pia anayekaa na mgonjwa yule yule asiyetibiwa anaweza kuambukizwa tena bakteria wa aina ile ile. Wahudumu, tafadhali msianze na kumgombeza mgonjwa. Ulizeni nani mwingine anakohoa pale nyumbani.

Kitamtaja aliyeniambukiza?

Hakiwezi. Bakteria wenu kufanana kunaonyesha kwamba mko kwenye mnyororo mmoja, lakini huenda nyote mlipata kwa mtu wa tatu. Isitoshe, TB inaweza kulala mwilini miaka mingi kabla ya kuamka. Asitokee mtu wa kumfukuza mpangaji au kumtenga shemeji kwa kisingizio cha kipimo hiki.

Na vinasaba vyangu mimi?

Kinachosomwa ni vinasaba vya bakteria. Havielezi baba wa mtoto ni nani wala kabila lako. Hata hivyo, jina na kijiji chako vinastahili siri, na una haki ya kuuliza sampuli yako itatumika kwa nini. Ikiwa ni ya utafiti, uombwe ridhaa kwanza.

Mikoa yetu ina haja gani na hili?

Kubwa. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita Iringa na Mbeya hadi Tunduma, madereva wakilala njiani. Chunya kuna migodi, na vumbi lake huharibu mapafu. Njombe, Iringa na Mbeya zimo kwenye mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU, na VVU huifungulia TB mlango. Wagonjwa 10 wa mji mmoja wakiwa na bakteria wanaokaribiana sana, inawezekana ugonjwa unaenea sasa hivi hapo hapo, na uchunguzi upelekwe kwenye nyumba, vilabu vya pombe na kambi zao. Wakiwa na koo tofauti tofauti, huenda ni maambukizi ya zamani yanayoamka au yaliyotoka mbali, na mkakati hubadilika. Kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kimefanya tafiti za TB kwa miaka mingi, kwa hiyo elimu hii haiko mbali nasi.

Ni TB tu?

Hata kipindupindu. Kilipozuka Haiti mwaka 2010, vinasaba vya bakteria vilionyesha undugu wa karibu mno na waliokuwa Nepal.

Sampuli nzuri ya makohozi inatolewaje?

Sukutua mdomo kwa maji. Simama nje, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha kohoa kutoka ndani kabisa ya kifua. Mate matupu hayafai. Tema ndani ya kikopo bila kuchafua nje, funga kifuniko sawasawa, kisha nawa mikono. Ya asubuhi, mara tu unapoamka, ndiyo bora. Ifikishe kituoni siku hiyo hiyo, na njiani usiiache juani.